Anayekaa Upande wa Kichwa

Hannah Greener alikuwa msichana wa miaka 15, na ugonjwa wake ulikuwa kucha. Kucha ya kidole cha mguu ilimwota vibaya ikaingia nyamani, kila hatua ikawa maumivu. Aliishi Winlaton, kijiji kilicho karibu na mji wa Newcastle, kaskazini mwa Uingereza. Miezi michache nyuma alikuwa ameshatolewa kucha nyingine hospitalini Newcastle, baada ya kulazwa kwa dawa ya usingizi iitwayo etha. Aliamka. Alilalamika kichwa kizito, basi. Lishikeni hilo, wajukuu zangu: mara ya kwanza aliamka.

Mara ya pili ilikuwa tarehe 28 Januari 1848, nyumbani. Daktari alikuja na msaidizi wake, na safari hii hakuleta etha bali klorofomu, dawa mpya iliyokuwa gumzo la nchi nzima. Daktari James Young Simpson wa Edinburgh alikuwa ameijaribu kwa mara ya kwanza Novemba 1847, hata miezi mitatu haijatimia. Hannah alikuwa na hofu, analia kwa kwikwi. Wakamketisha kwenye kiti. Daktari akamimina klorofomu ya kiasi cha kijiko cha chai juu ya kitambaa, akamwekea puani.

Baada ya pumzi mbili Hannah akaushika mkono wa daktari, akauvuta chini. Akaambiwa aweke mikono magotini na avute pumzi taratibu. Ikapita nusu dakika hivi. Msaidizi akaanza kukata pembezoni mwa kucha. Hannah akarusha mguu. Daktari akadhani dawa haijakolea, akawa anataka kuongeza, mara akaona midomo ya mtoto imepauka. Wakammwagia maji usoni. Wakampa brandi, akaimeza kwa shida. Wakamlaza sakafuni, wakamchanja ili damu itoke, maana ndivyo matabibu wa zama hizo walivyofanya kila waliposhikwa na woga. Tangu pumzi ya kwanza ya klorofomu mpaka roho kumtoka zilipita kama dakika tatu tu.

Kifo chake ni cha kwanza cha klorofomu kuandikwa katika kumbukumbu za tiba.

Najua ni habari nzito ya kuwapa watoto. Lakini kila mtoto anayeambiwa kwamba atafanyiwa upasuaji huuliza swali moja, kwa sauti au moyoni: je, nisipoamka? Na watu wazima, kwa mapenzi yao, humjibu, "Usiseme hivyo!" Mimi jibu hilo silipendi. Swali ni zuri mno. Madaktari wenyewe walibishana juu yake kwa zaidi ya miaka 100, na kila walipolijibu kipande kimoja, vyumba vya upasuaji vikawa salama zaidi. Basi tulifuate swali hilo mahali lilipopita.

Kwanza tumtendee haki yule daktari wa Winlaton. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka kumwepusha mtoto na maumivu, na maumivu ya kisu cha siku zile nyinyi hamyajui. Kabla ya mwaka 1846 mgonjwa wa Ulaya au Marekani aliyekatwa mguu alishikiliwa na wanaume wenye nguvu, akanyweshwa pombe, akapewa kitu cha kung'ata. Daktari bora alikuwa yule mwenye mkono mwepesi. Robert Liston wa London alisifika kwa kasi yake ya kukata mguu. Kasi ilikuwa ndiyo huruma pekee aliyoweza kutoa.

Halafu ikaja tarehe 16 Oktoba 1846. Katika hospitali kuu ya Massachusetts, mjini Boston, daktari wa meno aitwaye William Morton alimvutisha kijana mmoja mvuke wa etha kwa kichupa cha kioo, na daktari mpasuaji John Collins Warren akamkata uvimbe shingoni. Kijana hakupiga kelele. Ukumbi ulijaa madaktari waliokuja wakitegemea kucheka, kwa kuwa mwaka 1845 daktari mwingine wa meno, Horace Wells, alikuwa amejaribu gesi ya kuchekesha mjini humo, mgonjwa akalia, na Wells akazomewa. Safari hii hakuna aliyecheka. Kwa kweli Morton hakuwa wa kwanza. Crawford Long, daktari wa kijijini huko Georgia, alishatumia etha tangu Machi 1842, ila alikaa kimya hadi mwaka 1849 ndipo akaandika. Na huko Japani, Hanaoka Seishu alimlaza mgonjwa wa saratani ya titi kwa dawa ya mimea mwaka 1804, lakini nchi yake ilikuwa imefunga milango, habari hazikutoka.

Za Boston zilitoka. Tarehe 21 Desemba 1846 Liston mwenyewe alimkata mtu mguu mjini London chini ya etha. Kufikia mwaka uliofuata, waganga wa meno na matabibu wa vijijini walikuwa na chupa mkononi. Dawa ilisambaa upesi kuliko elimu ya kuitumia. Hapo ndipo alipoketi Hannah.

Sasa tusimame kidogo, kwa maana kuna jambo ambalo watu wengi, hata wakubwa, hawalielewi. Tunaiita dawa ya usingizi, lakini anayepewa nusukaputi halali vile unavyolala wewe usiku. Ukiwa umelala kitandani na mbu akakuuma, unajikuna. Mate yakikupalia, unakohoa. Ukibanwa pumzi na shuka, unageuka. Mwili wako unajilinda bila kukuamsha. Nusukaputi huwazima hao walinzi wote. Hukohoi. Humezi. Misuli ya koo inalegea, ulimi unaweza kurudi nyuma ukaziba njia ya hewa. Dawa ikizidi, kifua chenyewe kinasahau kupanda na kushuka, na shinikizo la damu linashuka. Baadhi ya dawa zinazotumika leo hulegeza misuli yote kwa makusudi ili mpasuaji afanye kazi, na hapo hakuna pumzi kabisa isipokuwa ile inayosukumwa na mashine au na mkono wa mtu.

Kwa hiyo unachofanya unapolazwa ni kumkabidhi mtu mwingine pumzi yako. Ni kama mpiga mbizi aliye chini ya maji huku mwenzake juu ya ngalawa ameshika kamba yake: usalama wa aliye chini uko kwa aliye juu, kama yuko macho, kama anajua kamba inamwambia nini. Mtu huyo hospitalini hukaa upande wa kichwa cha mgonjwa. Watu humsifu aliyeshika kisu. Mimi leo nawasimulia habari za huyu mwingine.

Kule Winlaton hakuwepo. Daktari alishika kitambaa huku akimsimamia msaidizi wake, na hakuna aliyejua ni kiasi gani cha mvuke kimeingia kifuani mwa Hannah.

Baada ya kifo hicho wakubwa wawili walizozana. Simpson, mwenye klorofomu yake, alisema dawa haina kosa. Mtoto amepaliwa na brandi na maji waliyompa akiwa hajitambui. John Snow wa London akasema hapana, ni klorofomu, imeingia nyingi kwa haraka na kuushika moyo.

Huyu Snow nampenda sana, na huenda mwalimu wenu wa sayansi amewatajia jina lake kwa habari ya kipindupindu, maana ndiye aliyeonyesha mwaka 1854 kwamba ugonjwa ule ulitoka kwenye bomba la maji la mtaa wa Broad, London. Alizaliwa York mwaka 1813, mtoto wa kibarua, na alipokuwa na miaka 14 alipelekwa Newcastle, jirani kabisa na kijiji cha Hannah, kujifunza utabibu. Hakuwa msemaji mzuri. Alichokuwa nacho ni subira ya kupima. Aliona kwamba kitambaa ni kipimo cha uongo: siku ya joto mvuke unakuwa mwingi, siku ya baridi mchache, na anayelia kwa kwikwi huvuta pumzi kubwa akajaza kifua kwa mkupuo. Akatengeneza chombo cha kuvutia kilichochanganya mvuke na hewa ili klorofomu isizidi takribani asilimia 5. Akaandika madaraja ya kina cha usingizi, jinsi ya kuyatambua kwa macho, kwa misuli, kwa pumzi. Akaandika kila mgonjwa kwenye daftari. Alipofika kumhudumia Malkia Victoria alipokuwa akijifungua tarehe 7 Aprili 1853, kazi yake kuu ilikuwa imekwisha kuwa hiyo: kukaa upande wa kichwa na kuangalia.

Na mshindi wa ugomvi ule ni nani? Jibu lilichelewa zaidi ya miaka 60. Mwaka 1911 Alfred Goodman Levy, akifanya majaribio kwa paka, alionyesha kwamba klorofomu kidogo, isiyolaza sawasawa, ikikutana na homoni ya hofu ambayo mwili huimwaga mtu anapoogopa, moyo unaweza kuanza kutetemeka bila mpango na kusimama. Mtoto mwenye hofu, dawa haijakolea, kisu kimeanza. Hatuwezi kumfufua Hannah tukampima, lakini mimi naona maelezo hayo yanamfaa kuliko ya Simpson. Klorofomu imeshaachwa. Funzo lake halikuachwa: ukiona daktari anatumia muda mrefu kukutuliza, anamruhusu mama akushike mkono, au anakupa dawa ya kunywa ya kukupunguzia wasiwasi kabla ya kukulaza, hakuoni wewe mwoga. Mwili uliotulia hulazwa kwa usalama zaidi.

Simpson naye alikuwa ameligusa jambo la kweli, ingawa si lile alilolipigania. Kumpa kinywaji mtu asiyejitambua ni hatari, na kilicho tumboni tayari ni hatari vilevile. Mwaka 1946 daktari Curtis Mendelson wa New York alieleza yaliyowapata akina mama waliolazwa wakati wa kujifungua wakiwa na chakula tumboni. Chakula kinapanda kooni, mlango wa mapafu hauna mlinzi, kinaingia. Kipande kikubwa kinaziba hewa. Hata maji tu ya tumboni, kwa ukali wa asidi yake, yanaunguza mapafu.

Ndiyo maana unaambiwa ufunge. Kanuni inayotumika sana ni saa 6 bila chakula, saa 4 kwa mtoto mchanga anayenyonya maziwa ya mama, saa 2 kwa maji matupu. Wataalamu wako wanaweza kukupa saa tofauti kidogo, na neno lao ndilo la kufuata. Hapa nina ugomvi na mabibi wenzangu. Bibi anamhurumia mjukuu, anaona mtoto atakufa njaa mpaka mchana, anamletea uji kwenye kichupa cha chai alfajiri, anamwambia, "Kunywa haraka, sista asione." Bibi huyo anampenda mjukuu wake, na anamtia hatarini kuliko kisu chenyewe. Mtoto akiulizwa, anasema hajala, kwa kumlinda bibi. Ewe mjukuu wangu, hapo bibi usimlinde! Sema, "Daktari, nimekunywa uji saa kumi na moja." Hutachapwa. Upasuaji utasogezwa mbele saa chache, au watatumia njia nyingine ya kulilinda koo lako. Hakuna kinachoharibika isipokuwa ratiba.

Kuna swali lingine mtaulizwa ambalo linaonekana la ajabu: je, katika ukoo wenu kuna mtu aliyewahi kupata matatizo ya dawa ya usingizi? Kwa nini wakuulize habari za shangazi yako wakati tumbo linalouma ni lako? Sikilizeni.

Mjini Melbourne, Australia, mwanafunzi wa miaka 21 aligongwa na gari akavunjika mguu. Madaktari wakamwambia watamlaza wamtengeneze. Kijana akakataa kwa hofu, na hofu yake haikuwa ya mguu. Akasema ndugu zake 10 walikufa baada ya kupewa etha kwa upasuaji mdogo mdogo. Wangeweza kumcheka. Hawakumcheka. Walichagua dawa mpya, halothani, wakamlaza wakiwa macho. Dakika chache, mwili ukaanza kuchemka, mapigo ya moyo yakaenda mbio, shinikizo likashuka. Wakasitisha dawa, wakampoza kwa barafu, akapona. Michael Denborough na mwenzake waliandika habari hiyo mwaka 1960, na dunia ikajua kwamba kuna ugonjwa wa kurithi, nadra sana, ambao hukaa kimya miaka yote mpaka mtu apewe dawa fulani za usingizi. Hapo misuli yake inawaka moto kwa ndani.

Kwa miaka mingi wengi wa waliopatwa na hali hiyo walikufa. Mwaka 1975 daktari Gaisford Harrison wa Cape Town, Afrika Kusini, aliyekuwa akiwachunguza nguruwe wenye kasoro hiyohiyo, alionyesha kwamba dawa iitwayo dantroleni huwaokoa nguruwe hao. Leo mgonjwa anayetambuliwa mapema na kupewa dawa hiyo kwa kawaida hupona. Lakini aliyeanzisha yote ni mwanafunzi aliyefungua kinywa na madaktari waliokubali kumsikiliza. Kwa hiyo kabla ya siku ya upasuaji waulizeni wazee nyumbani. Mjomba aliyefia mezani mwaka fulani, na watu wakasema amerogwa, mtajeni kwa daktari.

Nimewasimulia hatari, sasa niwachekeshe kidogo, kwa kuwa si kila upasuaji unahitaji kulazwa kabisa. Ipo ganzi ya kipande kimoja cha mwili, kama ile ya kung'olewa jino, na ipo sindano ya mgongo inayotia ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini. Aliyeanzisha sindano ya mgongo ni August Bier wa Kiel, Ujerumani, mwaka 1898. Alitaka kujua inafanyaje kazi, akajaribu na msaidizi wake Hildebrandt, kila mmoja kwa mwenziwe. Bier alipochomwa, sindano haikushikana vizuri na bomba, maji ya uti wa mgongo yakamwagika, jaribio likaharibika. Ikaja zamu ya Hildebrandt. Alipokufa ganzi, Bier akamgonga muundi wa mguu kwa nyundo ya chuma. Akamgusa kwa sigara inayowaka. Hildebrandt hakusikia kitu. Jioni wakala, wakanywa mvinyo, wakavuta sigara kwa furaha. Kesho yake mmoja ana muundi uliovimba wenye michubuko na wote wawili wanaumwa kichwa. Cha Bier kilimlaza kitandani kwa siku kadhaa, kila akikaa wima kinapasuka, akilala chini kinaacha.

Kichwa kile tunakijua mpaka leo. Husababishwa na maji ya uti wa mgongo yanayovuja kwenye tundu la sindano, na sindano za sasa, nyembamba mno, zimekipunguza sana. Akina mama wengi wanaojifungua kwa upasuaji huchomwa sindano hiyo na kukaa macho wakimsikia mtoto akilia. Mtaani utasikia, "Tangu nichomwe ile sindano, mgongo wangu haujapona." Maumivu ya siku chache mahali ilipopita sindano yapo. Lakini mama aliyebeba mimba miezi 9 na sasa anabeba mtoto, maji na kuni ana sababu nyingine nyingi za kuumwa mgongo, nami sindano nisingeipa lawama yote hiyo.

Turudi kwa anayekaa upande wa kichwa. Kwa zaidi ya miaka 100 alikuwa na macho yake, vidole vyake kwenye mshipa wa mgonjwa, na baadaye kipimo cha shinikizo la damu. Kujua kama hewa inatosha aliangalia rangi ya midomo na kucha zinapogeuka bluu. Dalili hiyo huchelewa, na kwenye ngozi nyeusi kama zetu huonekana kwa shida zaidi. Ilibidi kutazama ulimi na ufizi. Na ubongo ukikosa oksijeni una dakika chache tu.

Aliyelitatua hilo alikuwa mhandisi wa Kijapani, Takuo Aoyagi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa anapima kitu kingine kabisa, kiasi cha damu kinachosukumwa na moyo, kwa kupitisha mwanga sikioni. Kila alipopima, mapigo ya moyo yalimharibia mchoro, mstari ukawa unaruka ruka. Alikuwa anatafuta namna ya kuyaondoa mapigo hayo ndipo akatambua kwamba kero yake ndiyo dawa. Damu yenye oksijeni na damu isiyo nayo hazifyonzi mwanga mwekundu sawasawa, na kile kinachorukaruka ni damu ya ateri peke yake, ile inayotoka moyoni. Ukipima mruko tu, kwa mwanga mwekundu na mwanga mwingine usioonekana kwa macho, unajua damu imebeba oksijeni kiasi gani bila kumchoma mtu sindano. Mwaka 1974 aliitangaza njia hiyo. Kile kibanio kinachobana kidole chako na kuwaka taa nyekundu, kinacholia pi-pi-pi, ndiyo kazi yake. Mlio ukishuka sauti, mtaalamu anageuka kabla hata hajatazama kioo. Ila kibanio nacho kina kasoro: kwa watu wenye ngozi nyeusi wakati mwingine huonyesha namba nzuri kuliko hali halisi. Kwa hiyo bado anahitajika mtu wa kumtazama mgonjwa mwenyewe.

Kifaa kizuri hakitoshi watu wasiposemezana. Hapa hadithi inafika kwetu. Kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha ya ukaguzi yenye mambo 19 katika hospitali 8 za miji 8: London, Seattle, Toronto, Auckland, Amman, New Delhi, Manila, na Ifakara, mkoani Morogoro, Tanzania. Ndiyo, Ifakara ya bonde la Kilombero, mji wa mpunga. Orodha yenyewe ni karatasi moja. Kabla ya kulazwa: huyu ni nani, anapasuliwa nini, upande gani, ana mzio wa dawa yoyote, kibanio cha kidole kimewekwa na kinafanya kazi? Kabla ya kukata: kila aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake kwa sauti. Kabla ya kutoka: sindano, vifaa na pamba vimehesabiwa? Mambo ambayo mtu angedhani yanafanyika siku zote. Kumbe hayakuwa yakifanyika siku zote, hata London. Hospitali hizo 8 zikijumlishwa pamoja, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Kwa karatasi!

Basi hatari ni kiasi gani? Kwa mtu mwenye afya, katika nchi zenye wataalamu na vifaa vya kutosha, kifo kinachotokana na dawa yenyewe ya usingizi hukadiriwa kuwa takribani kimoja katika watu 100,000. Wengine huogopa kuamka katikati ya upasuaji. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa Uingereza mwaka 2014 uliona taarifa za jambo hilo ni kama moja katika wagonjwa 19,000, na kwa wengi wao ilikuwa ni kwa muda mfupi. Mambo madogo ndiyo ya kawaida: kichefuchefu, koo kukwaruza, baridi ya kutetemeka, kuamka umechanganyikiwa ukamlilia mama ingawa una miaka 12 na ulijiapiza hutalia. Ukipewa ketamini, dawa inayotumika sana kwetu kwa kuwa mgonjwa kwa kawaida huendelea kupumua mwenyewe hata pasipo mashine kubwa, unaweza kuota vitu vya ajabu unapozinduka. Vinapita.

Kwetu hatari ni kubwa zaidi, sitawaficha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliofanywa katika nchi 25 za Afrika kwa wagonjwa 11,422, uliona kuwa mgonjwa wa Afrika aliyepasuliwa alikuwa na uwezekano maradufu wa kufa kuliko wastani wa dunia, ijapokuwa wagonjwa wetu walikuwa vijana zaidi na wengi wenye afya ya kawaida. Na wengi mno kati ya waliofariki hawakufia mezani. Walifia wodini, siku zilizofuata, mahali ambapo muuguzi mmoja ana wagonjwa wengi na hakuna anayeiona dalili ya kwanza. Wataalamu wa upasuaji, uzazi na usingizi kwa pamoja hawakufika hata mmoja kwa kila watu 100,000. Katika hospitali nyingi za wilaya anayekulaza si daktari bingwa bali muuguzi au ofisa tabibu aliyesomea kazi ya usingizi, na wengi wao ni hodari kweli kweli. Wanafanya kazi umeme ukikatika, mtungi wa oksijeni ukikaribia kwisha, zamu ya usiku wakiwa peke yao. Anayewaita "wasaidizi tu" hajawahi kulazwa nao.

Kwa hiyo ndugu yako akirudi wodini akiwa bado na usingizi, usimwache ukaenda kucheza na simu. Ukisikia anakoroma kwa namna ya kukabwa, au kifua kimetulia mno, au midomo imebadilika rangi, mwite sista wakati huohuo, hata ukiogopa kufokewa. Mwenye kulazwa asubuhi asipande baiskeli wala bodaboda peke yake mpaka kesho yake, hata akijiona mzima.

Na siku ikiwa ni yako, utakapoingia kwenye chumba chenye taa kubwa na baridi, atakuja mtu amevaa barakoa, atasimama nyuma ya kichwa chako, utamwona kinyumenyume. Wagonjwa wengi hukumbuka jina la aliyewapasua maisha yao yote na hawamjui huyu. Wewe muulize jina lake kabla hajakuwekea dawa. Kisha mwambie kila kitu: uji, mafua ya juzi, jino linalolegea, mjomba aliyefia mezani, na kwamba unaogopa.